Nilijua Juzuu ya Mwisho Tu

Chuoni kwetu Mji wa Kale, msahafu tulianza kuusoma kwa mwisho wake. Kwanza sura fupi fupi za juzuu ya thelathini, tuliyoiita Amma. Nyingi zake, wanasema wanavyuoni, ziliteremka mapema, Makka, waumini walipokuwa bado wachache. Sheria hazimo humo, au ni chache mno. Mna alfajiri, nyota, tini na zeituni, na Mola anayeapa kwa vitu hivyo kisha akamuuliza mtu: unakwenda wapi?

Mimi niliishia hapo. Chuo na skuli niliviacha kwa pamoja, nikawa mtu wa njia: kuli Kilindini, utingo wa malori, muuza chai Makupa. Popote nilipolala sura zile nilikuwa nazo kichwani, na Mungu niliyemjua ni yule zinayemtaja. Nilimsikia kwanza kwa mama, ambaye naye hakuwahi kuvuka Amma. Alizisoma akisukuma mahamri. Jua likipanda, alisoma ile inayomtuliza Mtume kwamba Mola wake hakumwacha. Unga ukipungua, alisoma ile ya Makureshi na safari zao, ya Mola aliyewalisha wakati wa njaa.

"Hii ndiyo yako," aliniambia, "maana wewe hukai."

Mama alipofariki nilikuwa bara. Nilifika ameshazikwa. Kilichobaki cha kumfanyia ni hitima, baada ya alasiri, katika msikiti wa Bondeni. Lililetwa sanduku lenye juzuu zote thelathini, kila moja kijitabu chake. Kila mtu huchukua moja akaisoma, na zote zikishasomwa msahafu umetimia, ndipo marehemu huombewa dua. Nilikuwa nimekusudia kuchukua Amma. Lakini sanduku lilianzia safu ya mbele, na lilipofika kwangu Amma ilikuwa mkononi mwa mzee aliyeketi ubavuni pangu. Nikaokota iliyokuwa juu.

Ningemwomba tubadilishane. Sikusema, kwa haya. Mtoto wa marehemu, na ndevu zimeshaingia mvi, aseme hawezi?

Herufi nilizijua, lakini aya zilikuwa ndefu na nilikwama kila mstari. Wenzangu wakigeuza kurasa, mimi bado ule wa kwanza. Basi nikaanza kugeuza nami, midomo ikitikisika bure. Nilijua ninachofanya: hitima ya mama itafungwa na juzuu moja haikusomwa, nayo ni yangu.

Mzee alinitazama juu ya miwani.

"Yakhe, unasoma au unajipepea?"

"Nasoma, ami."

"Kwa kasi hiyo umewashinda malaika."

Nikamnong'oneza kwamba nimesoma Amma tu. Nilitarajia anikemee. Akacheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, akanipokonya kijitabu na kunitupia chake mapajani.

"Amma huchukua mimi kwa sababu ya macho haya mabovu; naijua kwa moyo. Haya, soma. Na nisikie! Ukikosea nakufinya."

Nilisoma bila kukitazama kijitabu. Nilipofika ile sura ya mama, pale Mtume anapokumbushwa kwamba alikuwa yatima akapewa makao, nilijikwaa, nikairudia aya. Miaka yote niliisoma kama habari ya mtu mwingine. Mzee hakunifinya.

Nilipomaliza, yeye alikuwa bado, pua imegusa karatasi. Nikamuuliza mna nini humo.

"Mirathi. Ndoa. Mali ya mayatima, na wanaokula haki yao."

"Ndiye Mola yule yule wa Amma?"

"Yule yule. Kule amekwambia yatima apewe makao. Huku anauliza nyumba ya yatima nani kaichukua. Wewe uliishia mlangoni, mwanangu, ukadhani umeiona nyumba."

Juzuu nyingine zote zilikuwa zimesharudi sandukuni. Harufu ya biriani ilikuwa imeingia msikitini, na mtu nyuma yetu akakohoa kwa makusudi. Imamu akatugeukia.

"Bado ukurasa mmoja," mzee akamwambia. "Na huu atausoma mwenyewe."

Akaniwekea kijitabu kati yetu, kidole chake chini ya neno la kwanza, akalitamka. Akangoja. Nikalitamka. Tukaenda hivyo, neno kwa neno, msikiti mzima ukitungoja, hadi mwisho wa ukurasa. Ndipo imamu akainua mikono.