Aproni Yangu na Kuku wa Mabosi

Nichekeni mkitaka, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Napika kwa kantini ya kiwanda cha unga hapa Nakuru. Kwetu huambiwi umefutwa kazi. Wanakuja tu kuchukua aproni yako. Kampuni mpya ilipochukua jikoni, wenzangu wengi waliondoka hivyo hivyo. Basi juzi asubuhi supavaisa akaninyooshea mkono. "Mama Tasha, lete aproni."

Nikaivua nikampa bila kuuliza. Nilimfikiria Tasha, bado ananyonya, nikawaka. Siku hiyo meneja mpya alikuwa anakula kwetu mara ya kwanza, na sufuria ya mabosi ilikuwa na kuku wa kienyeji. Saa ya chakula ilipofika, nikawapakulia wabeba magunia kuku yote. Mabosi nikawapelekea ugali na kabeji ya wafanyakazi.

"Mathe, kwani leo ni Krismasi?" mbeba magunia mmoja akaniuliza.

"Kula, boss. Mimi naenda nyumbani."

Nilikuwa nabeba mkoba wangu supavaisa akarudi na aproni mpya ya kijani. "Jaribu hii. Ile yako nilikuwa nataka kupimia saizi."

Nikaweka mkoba chini. Nyuma yake alisimama meneja na sahani. "Na kuku yangu iko wapi?"

Wabeba magunia wote walikuwa na mifupa mkononi. Nikaivaa aproni kwanza, nikaifunga fundo mbili.

"Wamekula hao wanaobeba unga wako, boss. Ni mimi niliwapea."

Akaangalia sahani yake. Ilikuwa imepanguswa safi.

"Basi niongeze kabeji."