Siku Nilipouangusha Mlango wa Bibi Zuwena

Chekeni tu. Najua hamkuniita hapa barazani kwa mapenzi, mmeniita kwa sababu kuna mwenzenu mmoja hajaisikia, na aibu yangu hii imeshazunguka Mafia nzima kutoka Chole mpaka Kanga, imebaki kupigiwa ngoma, basi afadhali niisimulie kwa mdomo wangu mwenyewe, ule ule mdomo ulionitia balaani.

Nilikuja Mafia zamani zile boma la Wadachi bado liko Chole, nikitokea kwetu Lamu pamoja na mwenzangu Mbwana Kombo. Sote maseremala, lakini tusidanganyane, fundi nilikuwa mimi. Nikichonga ua ubaoni nyuki anakuja kulinusa (nasema bila majivuno, au kwa majivuno kidogo), na Mbwana akichonga samaki unadhani makubadhi. Kwetu mafundi walikuwa wamezidi milango, ndipo tukasikia kuna mjane wa Chole, Bibi Zuwena, mwenye mashamba ya minazi, anajenga nyumba ya mawe na anatafuta fundi wa milango yote. Nikaacha nilichokuwa nacho, nikaaga mtaa mzima kwa kishindo, na mama mkwe nikamwambia, "Nikirudi hutanijua."

Safari nzima Mbwana kazi yake ilikuwa kuwauliza mabaharia: watu wa Mafia wanasalimianaje, bibi huyo alifiwa lini, nduguze ni kina nani. Mimi nanoa patasi. Nikamwambia, "Wewe Mbwana unakwenda kuchonga au unakwenda kuposa?"

Tukafika, na bahati yetu tukaangukia siku ya hitma ya mwaka ya marehemu mume wa Bibi Zuwena. Ukumbi umejaa wanaume, dua bado, kahawa inazunguka, na mlango wa kuingilia uani umefungwa kwa sababu wanawake wako nyuma yake wanapakua pilau. Akatupokea kaka yake bibi, Mzee Shomari.

"Karibuni wageni. Kaeni mnywe kahawa, mambo ya kazi tutayazungumza baada ya dua."

"Shikamoo mzee," akasema Mbwana, "na poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Mbwana akakaa. Na mimi hapo hapo ndipo nilipojikata mguu, maana kitu kidogo tu nilichotakiwa kufanya kilikuwa kukaa na kushika kikombe, nikajiambia fundi wa kweli hakai kama mwenye shibe, fundi wa kweli huonyesha. Nikawapita watu, magoti yao nayaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye ule mlango wa uani na kuanza kuugonga kwa vidole kama tabibu anayegonga kifua cha mgonjwa. Mlango wenyewe, wallahi, ulikuwa mbaya! Maua yamepinda, mistari inapanda na kushuka kama aliyeuchonga alikuwa amepanda punda.

Nikasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa, "Hivi huu kachonga nani? Alikuwa anaona kweli mtu huyu?"

Kahawa iliyokuwa inazunguka ikasimama.

"Kachonga marehemu," akasema Mzee Shomari, "kwa mkono wake."

Mtu mwenye akili hapo angejitupa chini akalia, au angeugua ghafla. Mimi nikatafuta la kutengenezea. "Aa, marehemu! Basi nadhani maradhi yalikuwa yameshamwanza."

"Aliuchonga mwaka aliooa."

Mbwana alikuwa ananikonyeza mpaka nikadhani jicho lake limeingiwa na mchanga. Sikumjali. Nikaona nimeshaingia majini, kilichobaki ni kuogelea, nikawaambia, "Msinielewe vibaya jamaa, ila kwetu Lamu mlango kama huu tunafungia mbuzi." (Nyinyi vijana mnaotaka kwenda kutafuta kazi ugenini, maneno hayo mawili, "kwetu fulani", yamezeni kama shubiri, hata kama kwenu ni peponi.) Mtu mmoja akaanza kuvuta uradi kwa nguvu ili asinisikie. Nikataka kuwathibitishia kwamba sisemi kwa chuki, kwamba mlango haukukaa sawa, nikatia bega chini ya komeo na kuunyanyua kidogo. Kidogo tu! Mlango wa namna ile hauna bawaba, unasimama juu ya kigingi kilichoingia kwenye tundu la kizingiti, na kigingi cha marehemu (Mungu amrehemu) kilikuwa kifupi. Kikatoka.

Mlango ukaenda wote uani, kishindo kama mzinga, ukatua juu ya masinia ya pilau, nami nikavutwa nao, maana upindo wa kanzu yangu uliingia chini yake ukabanwa. Nilipoinua kichwa niko katikati ya wanawake wasiopungua ukumbi mzima, vichwa wazi, mikono imejaa wali, na ukelele uliopigwa pale nadhani bomani walishika bunduki.

Nyuma yangu wanaume wote wakageukia ukutani kwa pamoja.

"Fumba macho wewe!" akanguruma Mzee Shomari.

"Nimefumba!" nikajibu (nilichelewa kidogo, Mungu anisamehe).

Kukimbia siwezi, kanzu imebanwa. Kusaidiwa siwezi, maana hakuna mwanamume atakayeingia kule. Nikasimama kama mbuzi wa kafara, nimefumba macho, upawa wa mchuzi ukanipata sikioni, na bibi kizee mmoja ananiuliza karibu kabisa na uso, "Mwana haramu wee, umetoka wapi?" nami nikashindwa kumwambia kwamba nimetoka Lamu nimekuja kutafuta kazi.

Aliyeniokoa ni Mbwana. Akajifunga kilemba chake usoni, akaja kinyumenyume akipapasa ukuta, huku anasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Hodi mama zangu, hodi dada zangu, mtuwie radhi, sisi wageni, poleni na msiba, poleni na chakula." Akakanyaga pilau, akajaribu kuinua mlango akashindwa, akaipasua kanzu yangu. Nikatoka pale mbele ninayo kanzu, nyuma nina kikoi tu.

Kisha ikaja sauti ya Bibi Zuwena nyuma ya pazia lililotundikwa haraka pale palipokuwa na mlango. "Nani huyo aliyesema poleni?"

"Mbwana Kombo," akajibu kaka yake, "fundi kutoka Lamu."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni huyu wa mbuzi."

"Basi Mbwana nimempa kazi. Huyo wa mbuzi akitaka, ampigie randa."

Bibi hakuona hata ubao mmoja aliouchonga Mbwana! Na mimi nikakubali, maana mtaa mzima wa kwetu nilishauaga. Miezi nimepiga randa, askari wa boma akipita ananiita Fundi Mbuzi, hujambo, na kila Mbwana akienda kunywa kahawa na wageni nawatia mapezi samaki wake ili wasivalike miguuni, na wageni wakirudi wanamsifu yeye, naye anasema, "Ni kazi yetu sote," kwa adabu ile inayokufanya utake kumpiga nyundo.

Siku moja Bibi Zuwena akaja na kaka yake kutazama kazi, kajitanda ushungi. Nikajikaza nikamwomba radhi kwa nilivyousema mlango.

Akasema, "Mlango ulikuwa mbovu. Miaka yote umenibana vidole. Mume wangu aliponiuliza nilimwambia mzuri. Wewe hukusema uongo, fundi, ila ulisema siku ambayo mimi nikiutazama namwona yeye."

Nikamwambia, "Pole na msiba, bibi," nimechelewa miezi nyuma ya Mbwana, lakini nimeisema.

Tangu hapo nimeapa, mkono wangu hautangulii tena salamu yangu. Juzi nimeitwa Kanga kwa kazi ya dari, nikaingia, nikaona boriti imeoza inaning'inia sawasawa na utosi wangu. Nikakaa. Nikauliza hali za watoto, nikauliza minazi, nikanywa kahawa huku vumbi linanidondokea kikombeni, nikaisifu kahawa, ndipo nikasema taratibu, "Ndugu zangu, mnaonaje haya mazungumzo mazuri tukayamalizie nje?"