Nilijibu "Yaja!" na Maji Yamesimama

Nilisikia sufuria kabla sijaona tone la maji. Ilikuwa ikigonga ukuta, taratibu, ngo, ngo, ngo, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi. Nilikuwa ghorofani nakunja nguo, mvua inanyesha. Nikajiuliza, nani huyu anayegonga ukuta kwa sufuria mchana huu? Hakuwa mtu. Sufuria ilikuwa ikielea yenyewe ndani ya nyumba ya jirani yangu, Bi Rukia.

Na aliyeyatia maji yale nyumbani kwake ni mimi. Naanza na hilo nisije nikazunguka. Mvua ilinyesha kama inyeshavyo kila masika. Mkosa ni mimi!

Kichochoro chetu cha Kibokoni kinateremkia baharini. Maji ya mapaa yakitoka kwenye milizamu huanguka mtaroni, na mtaro hupita chini ya baraza zetu, nyumba hata nyumba. Kila baraza ina tundu la kuingilia maji na tundu la kutokea. Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa upande wa juu, yangu ikifuatia. Maji yaliyopita kwake hayakuwa na njia nyingine ila chini ya baraza yangu. Tena sakafu yake ilikuwa chini kuliko njia. Ukiingia kwake ulishuka kidato.

Alikuwa mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana wa mtaa walijaa ukumbini mwake kila asubuhi na misahafu yao, sauti zikipanda na kushuka, nami nikipika nikazifuata moyoni. Mwanangu alihitimu pale. Mimi na Bi Rukia tulikuwa chanda na pete. Bakuli langu halikuenda kwake tupu wala lake halikurudi tupu.

Mwaka mmoja wa vita nikamwoza mwanangu. Kiangazi kilikuwa kikali, na tundu la baraza yangu likatoa harufu. Wageni watakaa pale! Nikamwita fundi, mtu mzima wa Bondeni, nikamwambia alizibe.

"Tuzibe kwa matambara na udongo, bibi," akasema. "Harusi ikisha, utayavuta mwenyewe kwa mkono."

"Matambara! Harusi ya mwanangu niweke matambara? Watu wa Bondeni nyinyi, mwapenda kuharibu sherehe!"

"Haya, mama harusi. Lakini masika hayangoji kualikwa."

Nikacheka. Siku zile saruji haikupatikana hivi hivi, na mume wangu, karani wa bandarini, alikuwa amepata kidogo. Nikaona fahari. Nikamwamuru fundi azibe kwa saruji matundu yote mawili, alainishe, apake chokaa juu. Baraza ikawa nyeupe kama yai lililomenywa.

Harusi ikapita. Kila aliyekuja aliisifu baraza. Shangazi yangu akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Hii si baraza, hili ni shavu la bi harusi!" Basi nikawa nasema kesho nitamwita fundi avunje. Kesho ikija, nikiitazama, mkono unakuwa mzito. Ole wangu na ile chokaa!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipopotea.

Mtaani kwetu tulikuwa na ada. Mawingu ya masika yakianza kukaa, wanawake tulizibua mtaro kwa fito, kila mtu mbele ya kwake, kisha tukaujaribu. Nyumba ya juu kabisa inamwaga ndoo ya maji. Ya chini yake inainama, ikiyaona yanatoka upande wa pili wa baraza yake inapiga ukelele, "Yaja!" Kisha nayo inamwaga yake. Hivyo hivyo neno linashuka mpaka pwani, na vicheko pamoja nalo.

Zamu ya Bi Rukia ikafika. Akamwaga ndoo yake.

"Mwenzangu!" akaniita. "Yaja?"

Nikatazama ile chokaa yangu nyeupe. Majirani wote walikuwa nje. Niseme nini? Niseme nimeziba njia ya maji ya mtaa kwa ajili ya harufu?

"Yaja!" nikajibu.

"Mbona kimya kingi? Au wayahesabu?"

"Yaja, shoga! Wataka niyapigie vigelegele?"

Watu wakacheka. Nikamwaga ndoo yangu upande wa chini wa baraza, yakateremka kwa jirani anayenifuata, neno likaendelea. Nami nikaingia ndani kupika. Nilisema moyoni, kesho nitamwita fundi. Wallahi nilisema.

Mvua haikunipa hiyo kesho. Usiku ule ilianza manyunyu, na mchana wake mbingu zikafunguka. Ndipo niliposikia sufuria.

Nilishuka mbio. Kichochoro kilikuwa kimejaa upande wa juu wa baraza yangu, na upande wa chini maji hayafiki kifundoni. Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni mwake, maji mapajani, amebeba misahafu kichwani kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ipokee hii, mwenzangu, mimi siwezi kupanda." Nikaipokea. Mikono hii hii!

Mume wangu akaleta mtaimbo akaanza kuvunja saruji. Ilikuwa nzuri ile saruji. Ilikataa. Ilipokubali, maji yakatoka kwa kishindo yakakimbilia pwani, na nyuma yetu ukuta wa ukumbi wa Bi Rukia, mawe na udongo vilivyokwisha kunywa maji, ukakaa chini kama mzee aliyechoka. Hakuumia mtu. Sikulia. Niliona vumbi halikuruka, nikawaza kwamba ni kwa sababu ukuta umelowa. Hilo ndilo nililowaza.

Mvua ilipoanuka akaja Bwana Afya wa mji. Akapima, akainama mtaroni. Mtaro ulikuwa wazi. Vipande vya saruji mume wangu alikuwa ameshavizoa. Bwana Afya akaniuliza, nami nimesimama nyuma ya pazia.

"Mama, mtaro wako ulikuwa wazi mvua iliponyesha?"

Bi Rukia alikuwa pale, ameketi juu ya sanduku lake njiani, ananitazama.

"Ulikuwa wazi," nikasema.

Basi lawama ikaangukia nyumba yake. Sakafu iko chini, kuta zimechakaa, nyumba haifai kukaliwa, wala watoto wasisomeshwe humo. Wakapigilia mbao mlangoni. Bi Rukia akaenda kwa kaka yake Majengo. Alipopita kwangu akasema, "Tuwiane radhi, mwenzangu." Nikamjibu, "Radhi, shoga." Kama watu walioishi vyema!

Asubuhi zikawa kimya. Nilipika na sikusikia kitu. Mume wangu alisema chakula hakina chumvi, nikaonja, sikujua kama kina au hakina. Nilikaa hivyo mpaka masika mengine yakakaribia, na wanawake wakatoka na ndoo zao. Jirani wa juu ya ile nyumba iliyopigiliwa mbao akaniita, "Yaja?" Nikaiweka ndoo chini. Nikavaa buibui nikaenda Majengo.

Alikuwa chumbani peke yake, misahafu imepangwa juu ya kabati, kurasa zimevimba. Hapakuwa na msichana hata mmoja. Akanipa maji ya kunywa. Nikamwambia yote, saruji, ukelele, pazia. Nilisema bila kulia, kama anayemsomea mtu barua ya mwingine.

Akauweka sawa msahafu mmoja kabatini. Kisha akasema, "Siku ile nilimwaga ndoo, nikainama. Niliyaona yamesimama."

"Uliyaona?"

"Niliyaona. Nikasema, mwenzangu ndiye aliye chini, yeye ndiye anayeona yanakotoka. Akisema yaja, basi yaja. Nikayakana macho yangu kwa neno lako."

"Nitakwenda kwa Bwana Afya, nimwambie."

"Nenda. Mwambie. Ukuta ule hausimami kwa hilo, lakini nenda." Akachukua bilauri mkononi mwangu. "Na usije tena huku, mwana wa watu."

Mwana wa watu! Aliyekuwa akiniita mwenzangu!

Nanyi mnaosoma, wenye nyumba za chini, maji ya jirani si yenu kuyafungia. Ukiulizwa kama yanapita, weka aibu kando, piga magoti utazame, ndipo ujibu. Na kama umeshajibu uwongo, rudi jioni ile ile, mawingu yangali mbali. Mimi nilikwenda kwa Bwana Afya, akanisikiliza, akasema mambo hayo yamekwisha.

Lakini siku ile ya Majengo, Bi Rukia alinisindikiza mpaka kizingitini, kwa adabu, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Nilivaa viatu vyangu nimempa mgongo, nikingoja aseme neno. Nikasikia komeo likiingia mahali pake.