Dawa ya Maji ya Kibua

Maji ya Kibua yana rangi ya chai, na kwa zaidi ya miaka miwili sikuwa na adui mwingine. Mimi ni mtu wa Muheto, kule juu Masisi, ambako maji hutoka mlimani meupe na baridi hadi meno yanauma, na hakuna anayehangaika kuyafikiria. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini serikali ya Wabelgiji ilinifanya moniteri wa samaki, ikanituma chini msituni Walikale, katika kijiji cha Kibua, kuwafundisha watu kufuga tilapia katika mabwawa. Nilikuwa nimeoa karibuni na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Agronome, yule Mzungu aliyekuwa mkuu wangu, alinipa ahadi moja: "Siku samaki itazaa mu bwawa, njo siku utarudia kwenu."

Basi samaki hawakuzaa. Kundi la kwanza tulilibeba kichwani ndani ya madebe, mwendo wa siku tatu, na wote wakafa kabla ya Jumapili. La pili lilibaki hai, lakini walikonda, wakakaa pembeni tu kama watu walioko kilioni. Maji yalikuwa machachu. Majani ya msitu huoza ndani ya kijito, na uchachu huo tilapia hauwezi. Akiuvumilia, hazai.

Agronome alinipa kijitabu cha vipande vya karatasi. Unachovya kipande majini: kikiwa chekundu, maji ni machachu, kikiwa cha bluu, maji yamepona. Alinipa pia chokaa ya unga, na bokali, yaani chupa kubwa ya divai iliyokatwa shingo, nijaribie maji humo pamoja na samaki wachache kabla ya kuliharibu bwawa zima. Niliiweka mezani karibu na dirisha. Nilikuwa nakula ndizi zangu huku tunaangaliana, mimi na samaki, na sijui nani alimwonea huruma mwenzake.

Kazi yenyewe ilichosha kuliko jembe. Kijiko kimoja cha chokaa katika ndoo, koroga, acha itulie, mimina maji ya juu polepole, chovya karatasi, ngoja. Kesho tena. Mvua ikinyesha, na Walikale mvua hainyeshi, inahamia kabisa, kijito kinajaa, karatasi inarudi nyekundu, unaanza upya. Safari moja subira iliniisha. Chokaa ilikuwa kidogo, nikakumbuka jinsi mama yangu alivyochuja majivu ya maganda ya ndizi ili maharagwe yaive upesi. Nikachuja majivu, nikamimina bakuli zima ndani ya bokali. Karatasi ikatoka bluu ya kupendeza. Samaki wakapanda juu wakitweta, na kabla sijamaliza kufurahi watatu walikuwa wamegeuza matumbo.

Agronome alipopita hakunikaripia. "Polepole," alisema. "Samaki inaweza kuvumilia maji mubaya. Maji ya kugeuka-geuka njo inaiua."

Polepole! Nililichukia neno hilo. Kule Muheto mtoto wangu alizaliwa, msichana, akaota meno, akatembea, na yote hayo niliyasoma katika barua ambazo mwalimu wa shule aliandika kwa niaba ya mke wangu. Katika moja mke wangu aliniuliza: "Hiyo samaki yako inabebaka mimba miezi ngapi?" Nilicheka, halafu nikaona haya kucheka peke yangu.

Watu wa Kibua waliiita chokaa yangu dawa, kwa sababu mimi mwenyewe niliiita hivyo. Dawa ya maji. Lakini hakuna aliyeniona nikiitia. Mfuko mmoja uliishia kwenye kuta za nyumba za watu, wakipaka nyeupe kwa ajili ya Noeli, na tangu hapo niliifungia chumbani na kuitia bwawani mwenyewe, alfajiri, kama mchoyo.

Mwaka wa tatu karatasi ilianza kutoka bluu wiki baada ya wiki. Nikanasa kwa wavu jike mmoja mkubwa aliyekuwa hali chakula na taya lake limevimba, nikamweka kwenye bokali. Asubuhi moja alifungua mdomo, wakatoka watoto, wadogo kama punje za ulezi zenye macho. Nilipogonga kioo kwa kidole, wote walikimbilia tena mdomoni mwa mama yao. Nilikaa chini sakafuni. Uchovu ulikuwa mwingi hata furaha haikupata pa kukaa. Nilisema tu, "Asante, mama," nikamrudisha bwawani na watoto wake, maana agronome angetaka kuwaona huko.

Agronome alikuwa Masisi, na chokaa ilikuwa imekwisha. Nikaamua kwenda kuleta nyingine na kumwita aje ashuhudie. Bwawa nilimwachia mlinzi wake, mwindaji wa rika langu, mtu mwaminifu asiyegusa hata yai la mwenzake. Ilinipasa kuketi naye, nimwonyeshe chungu cha majivu niliyochuja badala ya chokaa, na kijiko cha kuyapimia kidogo kidogo. Lakini nilikuwa na homa kidogo, na moyo ulishatangulia njiani. Nikampa vipande vya karatasi.

"Kila asubuhi uchovye moja," nikamwambia. "Kama inarudi nyekundu, utie dawa mu maji."

"Ndiyo, moniteri," akaitika, nami nikaenda.

Huko Masisi sikupita nyumbani Muheto. Nilijiambia nitapita mara moja tu, nikiwa na virago vyangu vyote.

Nilirudi siku ya nane, mfuko wa chokaa kichwani, agronome akiwa nyuma yangu mwendo wa siku mbili. Kijiji kizima kilinukia samaki wa kukaushwa kwa moshi. Watoto walikuwa na mafuta midomoni. Mlinzi alinijia mbio, anacheka.

"Moniteri, dawa ilifanya kazi! Hata samaki moja haikuponyoka."

"Dawa gani?"

"Ile ya samaki. Utupa. Wamama walitwanga muchana muzima."

Kwa watu wa msituni, kutia dawa majini ni jambo moja tu tangu mababu: wanawake hutwanga majani ya utupa, huyamwaga katika kijito, samaki hulewa na kuelea, kila mtu huokota. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa nikiwaambia neno hilo, na sikuwahi kuuliza wao wanasikia nini.

"Na karatasi?"

"Mvua ilinyesha, ikarudi nyekundu. Nyekundu njo kuiva, si vile?"

Hasira ilinipanda, ikakosa nguvu, ikashuka. Agronome angemfunga mtu, na wa kwanza angekuwa huyu. Nikamweleza. Uso wake ulibadilika, akaketi chini kwenye vumbi.

"Nitasema mimi njo nilikosea kupima dawa," nikamwambia. "Wewe unyamaze."

Nilisema hivyo kweli, siku mbili baadaye, nikaongezewa miaka miwili mingine. Lakini siku ile mlinzi aliinuka, akaingia kwake, akarudi na kifurushi cha majani ya mgomba.

"Tulikuwekea ile kubwa, Baba. Kula. Uko umechoka."

Alikuwa ni yule jike. Nilimla kwa ndizi, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu mtu akikuwekea chakula hukatai. Alikuwa mtamu, na ndiye samaki wa kwanza niliyemwonja Kibua. Nilipofika kichwani nikapanua mdomo wake kwa kidole. Watoto walikuwa humo ndani, wamekauka pamoja naye. Dawa ilipowafikia, walikimbilia kwa mama yao, naye akafunga mdomo.

Nilimtaka mtoto wangu siku ile kama mtu anavyotaka maji. Nikakiweka kichwa pembeni, juu ya jani.

"Iko na miba?" mlinzi aliniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Iko na miba."