Kabini Yenye Njaa

Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba kabini ya umeme, kile kibanda cha transfoma cha avenue yetu, mtaa wetu wa huko Kampemba, ilikuwa na tumbo, na kwamba isipokunywa mafuta hulala njaa na kutuzimia taa. Leo mke wangu anakaanga samaki kwa mawese, na harufu ile imenirudisha pale pale.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Barafu ya friji ya mama ilikuwa imeyeyuka, samaki wake wa kuuza wangeoza kesho yake, na nzi wa mji mzima, labda hata wa Kasomeno kule mbali, walishapata habari. Wakaaji wakakutana mbele ya kabini.

"Baliiba mafuta ya kabini," alisema mama muuza beignets, yale maandazi ya kukaanga.

"Na weye, beignets zako unazikaangaka na nini?" fundi cherehani akamuuliza.

Wakati wanacheka nikapita katikati yao na chupa nzima ya mawese ya mama, nikamwendea mkuu wa avenue.

"Papa chef, mupatie kabini ikunywe."

Kicheko kilitikisa mabati ya avenue nzima. Mama akaninyang'anya chupa, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akakaanga samaki wote pale pale. Mkutano ukageuka karamu, na kila aliyekula alilipa.

Papa chef akalamba vidole, akaniinamia.

"Mwana yangu, kabini haina njaa. Siye bote tunapikaka na courant ya umeme wakati mumoja, njo maana inaungua."