Pua ya Cyril

Cyril Tranter ndiye aliyeifua kwa nyundo pua ya kwanza ya gari lile dogo la michezo, huko Coventry, Uingereza, wakati gari lenyewe bado ni mchoro ukutani. Ilikuwa pua nyembamba, ya madaha.

Kisha Wamarekani, wateja wakubwa, wakatunga sheria za kukinga magari yasiumie yakigongana. Gari likainuliwa, pua ikafunikwa kwa bampa nene jeusi la mpira.

"Mmemvisha bibi harusi godoro!" Cyril alifoka.

"Kalalamike Marekani, mzee," nyapara Desmond akamjibu. "Wao ndio wanaonunua."

Pale kiwandani, fundi akistaafu, wenzake humuaga kwa kugonga mabati kwa nyundo mpaka atoke getini. Cyril aliwagongea wengi, hadi sikio moja likafa.

Ijumaa yake ya kustaafu ilipofika, alikatiza karakana polepole, chupa ya chai kwapani. Wenzake wakatafuta nyundo, wakakumbuka zilishauzwa kama vyuma chakavu, tangu mpira ushike nafasi ya bati. Basi wakayapiga mabampa kwa viganja. Mpira haukulia.

Cyril akasimama getini, akilitega lile sikio zima.

"Mzee, sogea," mlinzi akasema. "Unazuia lori."