Mtunza Nyasi na Viatu Vyake

Kila asubuhi Muriel, mpika chai wa klabu, humwona mtunza nyasi akivua viatu ukingoni mwa uwanja ambao wazee huviringishia matufe. Huingia na soksi, akainama, akazipapasa nyasi kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Sauti yake haipandi, ila akiona kisigino juu ya nyasi: "Viatu!" Barua ya kuuzwa kwa uwanja imeshakuja. Leo wamekuja wapimaji na vigingi vyekundu vya nyumba mpya.

"Vueni viatu, jamani," akawasihi.

"Mzee, Jumatatu linaingia tingatinga. Nalo livue?"

Muriel akamwona mtunza nyasi analegeza kamba za viatu, anazifunga tena, kisha anakatiza katikati ya uwanja navyo miguuni.